Samaki wa Ziwa na Kipindupindu: Habari ya Biashara Wakati wa Maradhi



Mwishoni mwa Desemba 1997, na tena katikati ya Januari 1998, wakuu wa Umoja wa Ulaya mjini Brussels walitoa amri juu ya samaki watokao Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji. Samaki wabichi walipigwa marufuku kuingia katika nchi za Umoja huo, na wale waliogandishwa walitakiwa kupimwa kwanza mpakani kabla ya kuruhusiwa kupita. Sababu iliyotajwa ilikuwa ugonjwa wa kipindupindu, ambao wakati huo ulikuwa umeenea katika Afrika ya Mashariki. Amri hiyo iliondolewa mwishoni mwa Juni 1998. Miezi sita si muda mrefu katika maisha ya taifa, lakini ni muda mrefu sana kwa mvuvi mwenye deni la nyavu, na kwa mwanamke ambaye chakula cha watoto wake hutegemea kile kinachobaki mlangoni mwa kiwanda.

Kisa hiki ni cha zamani kidogo, na wengi wamekisahau. Hata hivyo yafaa kichunguzwe tena, kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo kila nchi isiyo na mali nyingi hulikuta siku maradhi yanapoingia. Je, Serikali iuambie ulimwengu kweli mapema, ijapokuwa biashara itaumia, au inyamaze, ijapokuwa watu watakufa?

Ili kulifahamu swali hilo, sharti kwanza kuifahamu biashara yenyewe. Samaki aliyeleta fedha ni yule mkubwa aitwaye mbuta katika Kenya na sangara katika Tanzania. Yeye si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa muda wa miaka ishirini hivi hakuonekana kuwa na jambo kubwa, isipokuwa kwamba alikuwa akiwala wenzake. Kisha, katika miaka ya 1980, aliongezeka ghafula, na viwanda vikajengwa kandokando ya ziwa, Kisumu, Mwanza, Musoma, Jinja na kwingineko. Humo samaki hukatwa minofu. Minofu hutiwa katika barafu na kupelekwa Ulaya kwa ndege, au hugandishwa na kusafirishwa kwa meli.

Mnofu ukisha kwenda, hubaki kichwa na mifupa. Watu wa Kisumu waliipa mifupa hiyo jina la mgongo wazi, nao huikaanga na kuiuza sokoni. Jina hilo halihitaji kufafanuliwa: nyama hula mnunuzi aliye mbali, na mwenye ziwa hula kilichoshikamana na mfupa. Lakini hata mgongo wazi haupatikani kiwanda kikifungwa. Mtu asidhani, basi, kwamba amri ya Brussels iliwahusu wenye viwanda peke yao. Iliwagusa wavuvi, wabeba mizigo, wauza barafu, mafundi wa mashua, na wale akina mama wenye makarai ya mafuta kando ya barabara.

Sasa habari ya ugonjwa. Katika mwaka 1997 kipindupindu kiliivamia Tanzania kwa nguvu, na mwezi wa Juni kikawa kimeingia Kenya upande wa ziwa. Mnamo Oktoba zikaja mvua za El Niño, ambazo wenye umri wa kutosha hawajazisahau: madaraja yalichukuliwa na maji, vyoo vilifurika, na uchafu wote ukateremka mitoni na ziwani. Tangu Juni 1997 hata Machi 1998, katika uliokuwa Mkoa wa Nyanza peke yake, wagonjwa 14,275 wa kipindupindu walilazwa hospitali, na 547 walifariki, yaani karibu wanne katika kila mia. Hesabu hiyo ni kubwa mno. Mgonjwa wa kipindupindu akipewa upesi maji yenye chumvi na sukari kwa kiasi kilichopimwa, au akitiwa maji mshipani, mara nyingi sana hupona. Palipo na matibabu mema hufa pungufu ya mmoja katika mia.

Wataalamu waliochunguza maradhi hayo katika vijiji vya magharibi ya Kenya waliwauliza wagonjwa, na vilevile watu wazima wasiougua, juu ya maji waliyokunywa, chakula walichokula na mahali walikokwenda. Njia tatu zilionekana. Ya kwanza ilikuwa kunywa maji ya Ziwa Victoria au ya kijito. Ya pili ilikuwa kula chakula pamoja na mtu mwenye kuhara. Ya tatu ilikuwa kuhudhuria karamu za matanga. Hatari ilikuwa katika mtungi wa maji na katika sinia ya msiba. Na kama amri ya kuuzuia ugonjwa huo ingetungwa na mtu aliyekaa ufuoni, bila shaka ingeanzia hapo.

Je, samaki wenyewe walikuwa salama? Hapa inafaa kusema kweli yote, wala si upande mmoja tu. Vijidudu vya kipindupindu hutoka kwa kinyesi na huingia kwa kinywa. Moto huviua. Lakini juu ya chakula kibichi chenye majimaji vyaweza kuishi siku kadhaa, hata penye baridi. Mwaka 1991 watu wachache katika Marekani waliugua baada ya kula kaa ambao wasafiri walikuwa wamewabeba katika mizigo yao kutoka Ecuador. Mnunuzi wa Ulaya, basi, hakuwa na hofu ya kijinga. Walakini kaa aliyefichwa katika sanduku la msafiri ni jambo moja, na mnofu uliooshwa, ukapimwa na kufungwa kiwandani ni jambo jingine. Na mnofu huo ulipofika jikoni mwa mlaji, ulipikwa. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba halijapata kuandika habari za mlipuko mkubwa wa kipindupindu uliotokana na chakula kilichoingizwa kwa njia ya biashara. Shirika la Chakula na Kilimo nalo lilisema ya kwamba katazo la namna hiyo halikuwa dawa iliyofaa.

Tanzania ililipeleka shauri hilo Geneva, mbele ya kamati ya Shirika la Biashara Duniani ihusikayo na usalama wa chakula. Mapatano ya shirika hilo yalianza kutumika mwaka 1995. Yasema kwamba kila nchi inayo haki ya kulinda maisha ya watu wake, lakini kizuizi chake sharti kisimame juu ya elimu ya sayansi. Na ikiwa elimu haijatosha, kizuizi kiwe cha muda tu, na nchi iliyokiweka itafute habari zaidi na kukichungua tena. Maneno hayo ni mema. Udhaifu wake ni kwamba shauri likiletwa huchukua miezi, na samaki aliye katika barafu huchukua siku chache tu kuoza.

Kwa nini, basi, Brussels ilishika katazo wakati wenye elimu ya maradhi walikuwa wakisema vingine? Jibu halipendezi, lakini lafaa lisikiwe. Kabla ya kipindupindu, katika mwaka huohuo wa 1997, Hispania na Italia zilikuwa zimekwisha kulalamika kwamba vijidudu vya salmonela vimeonekana katika samaki wa ziwa. Wakaguzi waliotumwa kutoka Ulaya walikuta fuo zisizo na sakafu, zisizo na maji safi wala vyoo vya kutosha, ambako samaki alitupwa mchangani akingojea gari. Kazi ya kukagua samaki iligawanywa kati ya idara mbalimbali za Serikali, na maabara hazikutosha. Hivyo, siku kipindupindu kilipotangazwa na Serikali za Afrika ya Mashariki ziliposema, “Samaki wetu ni safi,” mnunuzi aliuliza, “Nani amewapima, na kwa chombo gani?” Hapakuwa na jibu la haraka. Neno la Serikali isiyo na maabara ya kuaminika ni kama hundi isiyo na fedha benki: yaweza kuandikwa kwa mwandiko mzuri, wala isipokewe.

Kuna mifano ya nchi nyingine. Mwanzoni mwa 1991 kipindupindu kilitokea Peru, katika miji ya pwani, baada ya Amerika ya Kusini kukaa bila ugonjwa huo kwa miaka mingi sana. Katika mwaka huo mmoja Peru ilihesabu wagonjwa zaidi ya 300,000. Wapo huko wapendao kula samaki mbichi waliolowekwa katika maji ya ndimu, na Waziri wa Afya aliwaonya watu waache chakula hicho kwa muda. Wauza samaki walilia, na wanunuzi wa ng’ambo wakaanza kuzuia. Ndipo Rais Alberto Fujimori alipokula samaki mbichi hadharani, ili watu waone kwamba hakuna hatari. Huenda tumbo la Rais lilikuwa na bahati. Lakini tendo hilo halikumsadikisha mnunuzi hata mmoja, na liliwachanganya wananchi waliokuwa wameanza kuchemsha maji yao. Hasara ya Peru katika samaki na watalii ilikadiriwa kuwa dola milioni 770.

Kisha, Septemba 1994, palitokea tauni katika mji wa Surat, India. Waliokufa hawakufika mia moja. Hata hivyo watu walikimbia mji kwa malaki, ndege za nchi nyingi zikaacha kwenda India, na nchi kadhaa zikakataa bidhaa zake, pamoja na bidhaa ambazo tauni haiwezi kupanda juu yake. Hasara ilikadiriwa kuwa karibu dola bilioni 2. Mtu akilinganisha idadi ya waliokufa na fedha zilizopotea, ataona kwamba ukubwa wa hasara haufuati ukubwa wa ugonjwa. Hufuata ukubwa wa hofu, na hofu hukua penye habari chache.

Mawaziri wa nchi nyingine walikuwa wakitazama mambo hayo yote, wala hawakuwa wajinga. Waliona kwamba aliyetangaza aliadhibiwa. Ndiyo sababu katika nchi kadhaa kipindupindu kilianza kuitwa kwa majina ya adabu, kama vile “kuhara maji kwa ghafula.” Jina likibadilishwa, mnunuzi hatishiki, lakini mganga wa wilaya naye haletewi chumvi ya dawa kwa wakati, na kijiji cha pili hakijui kwamba kijiji cha kwanza kinazika. Hapo ndipo katazo la biashara linapoua watu, ingawa halikutungwa kwa nia hiyo.

Mataifa yamekuwa yakilitafutia jambo hili dawa tangu mkutano wa Paris wa mwaka 1851, ulioitwa kwa ajili ya karantini za bandarini. Kanuni za Afya za Kimataifa zilizopitishwa mwaka 1969 zilizitaka nchi zitoe habari za magonjwa machache, yakiwamo kipindupindu, tauni na homa ya manjano. Baada ya miaka mingi ya kufichana zilitungwa upya mwaka 2005, na zikaanza kutumika Juni 2007. Sasa nchi yatakiwa kutangaza kila jambo la maradhi liwezalo kuwa hatari kwa mataifa. Na nchi nyingine zatakiwa zisizuie safari na biashara kupita kiasi, na zikizuia, zieleze sababu. Lakini hakuna mahakama ya kumtoza faini avunjaye sharti hili la pili, wala hakuna mfuko wa kumlipa aliyesema kweli akapata hasara.

Upungufu huo ulionekana waziwazi Novemba 2021. Wanasayansi wa Afrika ya Kusini na Botswana waligundua namna mpya ya virusi vya korona, ile iliyokuja kuitwa Omicron, wakautangazia ulimwengu mara moja, kama kanuni zilivyotaka. Hazikupita siku nyingi, Uingereza, nchi za Umoja wa Ulaya na Marekani zikazuia wasafiri na ndege kutoka kusini ya Afrika. Baadaye ikaonekana kwamba namna hiyo ya virusi ilikuwa imekwisha kufika Uholanzi kabla ya tangazo lenyewe. Serikali ya Afrika ya Kusini ililalamika kwamba imeadhibiwa kwa kuwa na maabara nzuri, na ni vigumu kuona jinsi ya kuikanusha.

Wala nchi tajiri si peke yake zenye kosa hili. Aprili na Mei 2020, Uganda ilipoagiza kwamba madereva wa malori wapimwe korona mpakani, magari yalipangana kwa kilomita nyingi upande wa Kenya, yakingoja majibu. Madereva walilala chini ya malori yao, wakipikiana na kushirikiana vikombe, hata mahali palipowekwa ili kuuzuia ugonjwa pakawa mahali pa kuambukizana. Tarehe 16 Mei Kenya nayo ilifunga mipaka yake na Tanzania na Somalia, isipokuwa kwa mizigo, na dereva asiyekuwa na cheti akarudishwa. Upande wa Tanzania wakuu wa mikoa wakayazuia malori ya Kenya. Kila upande ulisema ulikuwa ukilinda afya, na kila upande ulishuku kwamba mwenzake alikuwa akilinda soko. Mwishowe nchi za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki zilipatana juu ya jambo ambalo lingaliweza kufanywa tangu mwanzo: dereva apimwe kabla ya kuondoka, na cheti chake kikubaliwe na nchi zote.

Katika habari ya samaki, nchi za ziwa hazikukaa kulalamika tu. Baada ya 1998, na hasa baada ya katazo jingine la mwaka 1999, lililoletwa na waovu waliovua kwa sumu, zilianza kazi kwa bidii. Ukaguzi uliwekwa chini ya mamlaka moja iliyo dhahiri katika kila nchi. Fuo zilizochaguliwa zilijengewa sakafu, meza za kupimia, maji na uzio. Viwanda vilitakiwa kuandika samaki ametoka ufuo gani na siku gani. Kanuni za nchi tatu zililinganishwa, kwa msaada wa shirika la uvuvi wa ziwa lenye makao yake Jinja, lililoundwa kwa mapatano ya mwaka 1994. Kipindupindu kilirudi mara nyingi kandokando ya ziwa baada ya hapo, lakini mlango wa Ulaya haukufungwa tena kwa samaki kama ulivyofungwa mwaka ule. Hii ni kazi ya kusifiwa, na ilifanywa zaidi na maofisa wa kawaida wenye makoti meupe na daftari, ambao majina yao hayakutangazwa popote.

Lakini yafaa kutazama vizuri ni nini kilichosafishwa. Kilisafishwa kile alichokula mnunuzi. Barafu ya kiwandani ilitengenezwa kwa maji yaliyotiwa dawa, kwa sababu mnunuzi alitaka hivyo. Na hatua chache kutoka hapo, mvuvi aliyemleta samaki aliendelea kuchota maji ya kunywa ubavuni mwa mashua yake. Wataalamu wa 1997 walikuwa wamekwisha sema kwamba ugonjwa ulipitia katika maji hayo. Kwa hiyo ilipatikana hali ya ajabu, kwamba mnofu wa mbuta ulikuwa na haki ya maji safi kuliko mwenye nyavu. Kenya ilipopatwa tena na kipindupindu kuanzia Oktoba 2022, kasoro ileile ya maji na vyoo ilikuwa bado ipo mahali pengi.

Siku hizi mbuta amepungua, na viwanda kadhaa vya upande wa Kenya vimefungwa. Walakini samaki wangali wakishushwa kila alfajiri, omena kwa ngege, na katika Kenya fuo nyingi zinavyo vikundi vya wavuvi vya kuusimamia ufuo, vyenye mwenyekiti, mwandishi na mshika fedha, ambavyo hutoza ada ndogo kwa samaki wanaoshushwa. Wizara za Biashara zinapotunga mipango ya kulinda mauzo ya nje wakati wa maradhi, huhesabu maabara, vyeti na wakaguzi. Ni sawa. Bomba la maji la ufuoni nalo lapasa kuandikwa katika hesabu hiyohiyo, katika fungu la biashara, wala si katika fungu la huruma. Maana ufuo usio na wagonjwa hauna cha kuficha, na Serikali yake haitaona uchungu kutangaza. Kiasi gani kitolewe na kikundi, kiasi gani na mwenye kiwanda kwa kila kilo anayonunua, na kiasi gani na kaunti, ni shauri ambalo laweza kuanza kuzungumzwa katika mkutano wa ufuo mmoja, kando ya mizani, kabla mvua za masika hazijaanza.